Karatasi mlangoni, picha ndani ya simu

Ujumbe uliingia Jumanne saa kumi za jioni, lakini mama hakuusoma siku ile. Simu yake ilikuwa kwa kijana anayechaji simu kwa sola kando ya site ya wahami, hapa Bunia, pamoja na simu za watu wengine wengi, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Mawingu yalikaa siku mbili. Alhamisi asubuhi ndipo alipolipa franka zake, akaichukua simu, akaiwasha, akaona picha moja. Chini yake kijana wa moto alikuwa ameandika: "Mama, hili si jina la marehemu Papa?"

Picha ilionyesha mlango wa tribinali moja katika mji mdogo ulio kwenye barabara ya taifa namba 27, ile inayotoka Bunia kuelekea Mahagi. Mlangoni kulikuwa na karatasi yenye kashe ya buluu. Mvua ilikuwa imekwisha kuharibu kona moja. Jina la mume wake lilisomeka, jina lake mwenyewe pia, na maelezo ya kiwanja, na yale maneno ya Kifaransa ambayo hata mtu asiyesoma sana anayatambua, kwamba kuna hukumu.

Alikuwa ameshindwa kesi ambayo hakujua kama ipo.

Familia hiyo ilikimbia usiku, kama familia nyingi za wilaya ya Djugu zilivyokimbia tangu mwisho wa mwaka 2017. Mume alifariki baadaye, kwa ugonjwa, katika site. Kiwanja walikinunua walipokuwa bado na duka dogo la chumvi na sabuni. Nyumba iliungua, lakini udongo ulibaki, na kwa mama huyu udongo ule ndio mali yote ya watoto wake wanne. Mtu mwingine aliingia pale, akalima, akajenga kibanda, kisha akaenda tribinali kuomba kiwanja kiwe chake. Alipoulizwa mjane anakaa wapi, alijibu kwamba makao yake hayajulikani.

Haukuwa uongo mtupu. Mama anakaa chini ya shitingi, katika bloki fulani, karibu na bomba la maji. Nani anaandika anwani ya namna hiyo kwenye dosie ya tribinali?

Sheria ya kesi za madai inayotumika Kongo mpaka leo ni dekreti ya tarehe 7 Machi 1960, miezi michache kabla ya uhuru. Sheria hiyo inataka mtu aitwe kwa karatasi inayopelekwa mkononi mwake au nyumbani kwake. Kama hana makao yanayojulikana, kopi inabandikwa kwenye mlango mkubwa wa tribinali, na sehemu yake inatangazwa katika Journal Officiel, gazeti la serikali linalochapishwa Kinshasa. Kutoka Bunia mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,700 angani. Katika site ya wahami hakuna anayeuza Journal Officiel pembeni ya mihogo.

Sheria ileile inasema mtu anayeitwa apewe siku nane, pamoja na siku moja zaidi kwa kila kilometa 100. Kwa hiyo mwaka 1960 watunga sheria walijua kwamba nchi ni kubwa na karatasi inachelewa. Walipima umbali kwa siku. Hawakuweka hesabu ya barabara iliyofungwa na bunduki, wala ya mji ambao mwenye nyumba hawezi kurudi hata kwa mazishi ya dada yake.

Hapo ndipo habari ya kupeleka karatasi za tribinali kwa njia ya kompyuta inapowahusu watu wa site. Ukisikia mambo hayo yakizungumzwa katika semina za mahoteli, utadhani ni starehe ya mawakili wa Kinshasa wenye laptopu na hewa baridi. Mawakili wale hawahitaji sana. Wanaweza kutuma kijana kwa moto mpaka grefe, akarudi na kashe kabla ya chakula cha mchana. Anayehitaji ni yule ambaye kati yake na grefe kuna barabara anayoiogopa.

Ijumaa mama alikwenda kumwona avoka anayesaidia watu wasio na pesa. Alikuta foleni ya wanawake wengine, karibu wote na matatizo ya mashamba. Zamu yake ilipofika alitoa simu kabla ya kuketi.

"Metre, nimekwisha kuchelewa?"

Avoka aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisoma taratibu. Halafu hakuuliza habari ya kiwanja. Aliuliza habari ya simu.

"Mama, hii picha uliiona siku gani?"

"Jana. Lakini iliingia Jumanne. Simu ilikuwa kwa sola."

"Usiifute. Usibadilishe simu. Usimpe mtoto achezee."

Maelezo yake yalikuwa haya. Mtu akihukumiwa bila kuwepo anaweza kuipinga hukumu katika tribinali ileile, ndiyo ile wanaita oposisyo, katika siku 15 tangu alipopewa hukumu mkononi. Kama hakupewa mkononi, siku 15 zinaanza pale alipopata kujua. Sasa, mtu anathibitishaje siku aliyopata kujua? Karatasi ya mlangoni haisemi nani aliisoma na lini. Mwenzake wa upande wa pili angeweza kudai kwamba mama alijua tangu zamani, kwamba majirani walimwambia, kwamba alikaa kimya. Katika simu ile ya skrini iliyopasuka kulikuwa na siku, saa na dakika.

Lakini ni siku ipi, Jumanne ujumbe ulipoingia au Alhamisi ulipofunguliwa? Avoka hakutaka kubishania hilo mbele ya hakimu. Alihesabu kutoka Jumanne. Siku ya 15 iliangukia Jumatano ya wiki ya pili. Aliandika tarehe hiyo kubwa kwenye karatasi na kuizungushia duara, mama akaikunja na kuiweka ndani ya kitambaa cha kichwa.

Wikendi ilipita kutafuta ushahidi. Hati ya kununua kiwanja, ile yenye sahihi ya shefu na mashahidi, iliungua pamoja na nyumba. Ila marehemu aliwahi kuipiga picha na kumtumia ndugu yake aliyekimbilia Uganda. Ndugu yule alitafuta katika simu yake usiku mzima, akaipata. Alipoirudisha ilikuwa imefifia, maana picha zinazotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida hupunguzwa uzito, na hakuna tena alama ya siku ilipopigwa. Majina yalisomeka. Sahihi ya shefu ilisomeka nusu. Katika nyumba ya burotiki walitoa kopi tatu, na mama akalipa kila ukurasa, pesa ambayo ilikuwa ya unga.

Jumatatu oposisyo ilikuwa imeandikwa. Jumanne avoka akaiskani yote, pamoja na barua ambayo mama alimpa mamlaka ya kumwakilisha, akaituma kwa mwenzake anayefanya kazi katika mji ule. Huyo akachapisha na kuipeleka grefe. Karatasi ilisafiri barabara namba 27 kwa dakika moja, bila kuogopa kizuizi chochote, ikatua kwenye mashine ya kuchapisha na kuwa karatasi tena.

Jumatano jibu likarudi. Grefie amekataa. Sahihi ya mama kwenye barua ni picha ya sahihi, na yeye anataka wino.

Avoka alimpigia grefie mwenyewe. Alimkumbusha kwamba Kongo ina Code du numérique, sheria iliyotolewa kwa ordonansi-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalipa andiko la elektroniki nguvu sawa na la karatasi, mradi mwandishi wake ajulikane na andiko liwe limehifadhiwa bila kubadilishwa. Grefie hakubisha. Alisema, kwa heshima kabisa, kwamba sheria ile ameisikia, lakini hajapewa kompyuta, hajapewa anwani ya kupokelea, hajapewa maagizo. Alichopewa ni rejista kubwa, Biki na kashe. Kama akiandika katika rejista kitu kilichotoka kwenye simu, na kesho mkaguzi akauliza asili iko wapi, ni nani atakayejibu?

Ni rahisi kumkasirikia mtu huyo. Lakini alikuwa anasema kweli. Sheria ya 2023 ilifika grefe kama ilivyofika kwa mama, kwa kusikia tu.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, mambo yamekwenda mbele. Uganda ilianzisha mfumo wake wa kesi wa elektroniki, unaoitwa ECCMIS, tarehe 1 Machi 2022. Kenya ilianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020, wakati wa korona. Huko avoka anaweza kuingiza kesi akiwa nyumbani, akalipa kwa simu, mfumo ukampa namba na saa. Lakini huko pia asiyejua kompyuta huenda kwa kijana wa saiba, anamlipa amwandikie, na wakati mwingine anamwachia hata neno la siri. Mtu akikuandikia kesi yako na kushika neno lako la siri, kesi ni ya nani? Wanaotengeneza mambo haya kwa ajili ya Kongo wafikirie kwanza mama wa namna hii, ambaye laini yake ya simu imeandikishwa kwa jina la mtoto wa jirani kwa sababu yeye hakuwa na kadi ya uchaguzi siku ile.

Alhamisi barabara ilifungwa. Kulikuwa na milio ya risasi kaskazini, madereva wakabaki Bunia. Ijumaa hivyohivyo. Jumamosi moto chache zilipita, abiria wakisema kwamba hali si nzuri. Siku 11 zilikuwa zimekwisha kati ya zile 15, na mama hakulala.

Jumapili baada ya misa shemeji yake alikuja kumwona site. Ni mume wa dada yake, mtu wa Bogoro, kule kwenye njia ya kwenda Kasenyi. Alileta mafuta ya kupikia na pesa kidogo ya safari. Alileta pia Biblia yake, kwa sababu ndani yake anaweka karatasi ndogo ambayo wote katika ukoo wanaijua. Imeandikwa herufi "a", namba, na tarakimu mbili za mwaka.

Bogoro ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Miaka ilipita, watu wa CPI wakaja Bunia, na wasaidizi wakazunguka na fomu za Kifaransa zenye kurasa nyingi. Shemeji huyo alijibu maswali akiwa ameketi kwenye benchi la kanisa, mwingine akiandika. Mwishoni alitia kidole katika wino. Fomu ikaenda The Hague, Uholanzi, ikaskaniwa, ikapewa namba. Tangu hapo, katika karatasi zilizowafikia watu wa nje, yeye hakuwa na jina. Alikuwa "a", namba, mwaka.

Watu wa Ituri wanasahau jambo hili, na redio nazo hazikulisema vya kutosha wakati ule. Kesi ya kwanza kabisa iliyosikilizwa na CPI ilikuwa ya Ituri, ile ya Thomas Lubanga, na mahakama ile tangu kanuni zake za mwaka 2004 ilikuwa imeamua kwamba andiko la elektroniki ndilo linalohesabiwa. Kanuni ya 26 inasema hivyo wazi. Kwa hiyo wakati grefe zetu zinafunga dosie kwa kamba, masikitiko ya mkulima wa Bogoro yalikuwa yamekwisha kuwekwa ndani ya kompyuta, na namba ambayo hakimu, mwendesha mashtaka na avoka waliweza kuifungua kila mmoja mezani kwake.

"Mimi nimepoteza nyumba mara mbili," shemeji alimwambia. "Ng'ombe zimekwenda. Kadi ya uchaguzi imekwenda, nikatafuta nyingine, nayo ikaenda. Hii namba haijapotea. Hata kama nikiitupa karatasi, kule iko."

Tarehe 24 Machi 2017, katika kesi ya Germain Katanga, majaji walitoa amri ya fidia. Maombi 341 yalichunguzwa, na watu 297 wakakubaliwa kuwa waathirika wa shambulio la Bogoro. Kila mmoja alipangiwa dola 250 za ishara, pamoja na msaada wa pamoja wa nyumba, masomo na kazi za kuleta kipato. Shemeji alikuwa mmoja wao. Anapoeleza habari hiyo hafurahi sana wala halalamiki sana. Dola 250 hazinunui ng'ombe wengi. Anachosema ni kwamba hakuna mtu aliyeweza kumwambia dosie yako haionekani.

Mama alimuuliza, "Na kompyuta ile iliharakisha?"

Shemeji alicheka. Kutoka 2003 mpaka 2017 ni miaka 14.

Hilo lisemwe bila kuficha, kwa sababu wanaouza mashine hupenda kuahidi haraka. Kompyuta haikuwafanya majaji wa The Hague wawe wepesi. Wala haikuzuia binadamu kuficha karatasi. Tarehe 13 Juni 2008 kesi ya Lubanga ilisimamishwa na majaji kwa sababu mwendesha mashtaka alikuwa na maandiko aliyoyapokea kwa masharti ya siri, nyingi zikitoka Umoja wa Mataifa, ambayo upande wa utetezi haukuonyeshwa. Mfumo wa elektroniki ulikuwepo. Andiko ambalo halijaingizwa ndani halina namba, na lisilo na namba hakuna anayeweza kuliuliza.

Ile herufi "a" badala ya jina nayo si urembo. Kule Ituri, anayekushtaki anaweza kuwa na ndugu wenye silaha, au wewe unaweza kuogopa kwamba anao. Jina lako analijua tayari. Bloki unayolala hapaswi kuijua. Kama siku moja tribinali za Kongo zitapokea kesi kwa kompyuta, na ukurasa wa kwanza wa kila dosie ukaonyesha namba ya simu ya mhami na jina la site yake kwa kila mwenye kufungua, wengi wataona heri makao yao yabaki "hayajulikani". Rejista ya Biki ina dhambi zake, lakini mtu wa mbali hawezi kuifungua usiku.

Jumatatu barabara ilifunguka. Ilikuwa siku ya 13. Mama aliwaacha watoto kwa dada yake, akapanda moto pamoja na gunia la mtu mwingine, kwa sababu nauli ya kugawana ni nafuu. Ndani ya mfuko wa plastiki alikuwa na oposisyo yenye sahihi yake ya wino, barua ya mamlaka, kopi tatu za picha ya hati, karatasi yenye picha ya mlango pamoja na siku na saa ya ujumbe, na hati ya kuonyesha kwamba ni maskini, aliyoipata katika ofisi ya mambo ya kijamii, ili asamehewe pesa ya kufungulia kesi. Mvua ikinyesha aliuweka mfuko ndani ya blauzi.

Habari ya barabara aliieleza kwa maneno machache. Vizuizi vilikuwa vingi, na katika kila kimoja motari aliteremka na kuacha kitu kidogo. Mahali pamoja waliona gari lililoungua, limeota nyasi. Mahali pengine motari alizima muziki wa redio yake bila kuambiwa, hakuna aliyezungumza mpaka walipopita mlima. Alifika jioni, akalala kwa mama mmoja wa kanisa lake la zamani. Hakwenda kuona kiwanja chake, ingawa ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Aliogopa kuonekana.

Jumanne, siku ya 14, alikuwa wa kwanza kwenye mlango wa grefe. Karatasi yenye jina lake ilikuwa bado imebandikwa, sasa imebaki nusu. Aliisimamia pale, akaisoma ana kwa ana kwa mara ya kwanza.

Grefie alifika saa mbili na nusu. Alikuwa mzee kuliko sauti yake ya simu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja.

"Wewe ndiwe mama wa Bunia?"

"Ndiyo, Papa."

"Umekuja na hii barabara?"

"Wino ulikuwa unatakiwa, Papa."

Hakujibu. Alifungua rejista kubwa, akaandika taratibu, mwandiko mzuri wa watu wa zamani. Akampa namba. Akaandika tarehe kwenye kopi ya mama, akagonga kashe mara mbili kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri. Mama aliomba ruhusa, akaweka kopi juu ya meza penye mwanga wa dirisha, akaipiga picha. Akaituma hapohapo kwa avoka, kwa mtoto wake mkubwa, kwa shemeji wa Bogoro, na kwa ndugu wa Uganda. Mega zilikuwa zinaisha, ya Uganda ikachukua muda kwenda.

Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo, na wengi katika site wanafanya hivyohivyo. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za chanjo, buletini za shule, picha ya kaburi la Papa, vyote vinakaa katika simu za watu wanne au watano waliotawanyika, ili yule atakayekimbia bila simu akute vitu vyake kwa mwingine. Ukiangalia vizuri, hayo ni makumbusho ya serikali ambayo serikali haijayatengeneza. Kinachokosekana ni kashe, mtu mwenye mamlaka wa kupokea na kusema: nimepokea, siku hii, saa hii, namba yako ni hii.

Tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza Ituri na Kivu ya Kaskazini mwezi Mei 2021, dosie za makosa ya jinai zilihamishwa kutoka tribinali za kiraia kwenda kwa waamuzi wa jeshi, na walio na kesi za namna hiyo wanajua ilivyo kazi kufuatilia dosie inapobadilisha nyumba. Kesi za viwanja zilibaki kwa raia. Mama alijifariji kwa hilo. Alijua angalau kwamba kesi yake haikuhama.

Siku ya kusikilizwa ilipofika, avoka wa mji ule alisimama kwa ajili yake. Mama alikuja tena, safari hii kwa gari, kwa sababu watu wa site walichanga. Upande wa pili walikuja wawili na avoka wao. Jaji aliuliza habari ya oposisyo, grefie akaitoa, ikasomwa. Jaji aliitazama kwa muda mrefu ile karatasi yenye picha ya mlango. Aliuliza simu iko wapi. Mama akaisogeza mbele. Jaji aliisoma tarehe akiwa ameishika kwa mikono miwili, kisha akaipitisha kwa avoka wa upande wa pili, naye akaitazama na kusema kwamba atajibu kwa maandishi.

Halafu jaji akaomba dosie ya kwanza, ile ya kesi iliyotoa hukumu bila mama kuwepo, ili aone walivyomwita.

Grefie alitoka. Watu wakangoja. Kukasikika makabati yakifunguliwa na kufungwa katika chumba cha pili. Alirudi, akainama, akamnong'oneza jaji. Dosie haikuonekana. Makabati yalihamishwa wakati watu walipokimbia mji, yakarudishwa, na baadhi ya kamba zilikatika. Labda iko, labda imechanganyika na nyingine. Kesi ikaahirishwa kwa wiki tatu ili itafutwe.

Nje, chini ya veranda, mama alikuwa anafunga kitambaa chake kwa safari ya kurudi. Grefie alimfuata, miwani mkononi.

"Mama, ile picha ya mlango bado unayo? Ile nzima, kabla karatasi haijachanika?"

"Ninayo, Papa."

"Nitumie. Kama dosie haitaonekana, tutahitaji mahali pa kuanzia."

Alimtajia namba ya simu yake. Mama aliiandika tarakimu moja moja, akarudia kwa sauti, akatuma. Simu ya grefie ikalia ndani ya mfuko wa suruali. Aliitoa, akaisogeza mbali na macho, akaikubali kwa kichwa.

Mama hakuondoka. Alifungua mfuko wake wa plastiki, akatoa kipande cha karatasi safi, akakinyoosha juu ya ukuta wa veranda.

"Papa, niandikie kwamba umepokea. Siku na saa."

Grefie alimtazama kidogo. Kisha akatafuta Biki mfukoni, akaandika, akaingia ndani kuchukua kashe.